Tarakimu nne baada ya nukta zisikulevye

Siku yangu ya kwanza kwenye mizani ya maabara nilipima kipande cha shaba nikaandika 2.4137 g, nikajiona nimeshakuwa mtaalamu. Fundi wa pale hakubishana nami. Aliniambia tu nikitoe, nikirudishe, nisome tena. Ikaja 2.4142. Tena: 2.4133. Milango ya vioo ya mizani nilikuwa nimeiacha wazi, na feni inazunguka juu ya kichwa changu! Nilipoifunga na kusubiri kidogo, nikarudia mara kumi, namba zote zikaangukia kati ya 2.4139 na 2.4141.

Mizani haikubadilika. Muda wote ilikuwa inasoma kwa hatua za 0.0001 g, kwa sababu ndivyo ilivyotengenezwa. Kilichobadilika ni jinsi majibu yanavyokaribiana ukirudia, na hilo linategemea upepo, mtikisiko wa meza na mkono wako mwenyewe. Ukiona namba zinapanda tu bila kurudi nyuma, shuku kitu kingine: huenda chombo kimetoka kwenye oveni na bado kina joto, hewa inayopanda inakifanya kisomeke chepesi, au unapima poda inayonyonya unyevu.

Wageni wengi hukwama upande wa pili. Chukua kipande kilekile, kiweke kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu nzimanzima. Mara kumi itakuambia 2, 2, 2. Mwanafunzi anafurahi kwamba vipimo vyake havipishani hata kidogo, kumbe kupishana kupo, ila hatua ya mizani ni kubwa mno na imemeza kupishana huko. Usiandike kwamba shaka ya kipimo, yaani kiasi ambacho huna uhakika nacho, ni sifuri. Itoe kwenye hatua yenyewe: gawa gramu 1 kwa kipeuo cha pili cha 12, utapata kama 0.29 g.

Kwenye daftari mimi huandika wastani, idadi ya marudio, namba ndogo na kubwa kabisa, halafu hatua ya mizani. Wastani peke yake siuamini, hata wa kwangu.

Na kama majibu yanakaribiana vizuri lakini yote yamekosea? Hapo marudio hayakusaidii. Leta jiwe la mizani lililohakikiwa, yaani ambalo uzito wake unajulikana, ulinganishe na mizani inavyosoma; lishike kwa kibano, maana mafuta ya vidole nayo yana uzito.