Maswali ya Wasomaji: Kwa nini wodi za zamani zina baraza pana na dari la juu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi mwashi hapa Mtwara mjini. Nimeombwa nitoe makisio ya kuziba baraza la wodi ya zamani kwa tofali ili vipatikane vyumba vya ofisi na stoo. Wodi yenyewe ni jengo refu na jembamba lililosimama peke yake, lenye madirisha yanayotazamana na dari lililo juu sana. Wenzangu wanasema wakoloni walijenga hivyo kwa kupenda ukubwa tu. Je, mpangilio huo una sababu, au niendelee na kazi?
Fundi, Shangani, Mtwara

JIBU: Ndugu Fundi, nakushukuru kwa kuuliza kabla tofali la kwanza halijawekwa. Sababu ipo, nayo ni ya kitabibu.

Katikati ya karne ya 19 madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba maradhi hutokana na hewa iliyooza. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza aliyehudumia askari wa Vita vya Crimea kuanzia mwaka 1854, aliona jinsi homa na maradhi ya kuhara yalivyoua askari wengi kuliko majeraha yenyewe. Katika maandishi yake ya mwaka 1859 alishikilia kwamba hospitali igawanywe katika majengo marefu yaliyoachana, kila wodi ipate hewa kutoka pande zote mbili, na vitanda vipangwe katikati ya madirisha. Hospitali ya St Thomas' ya London, iliyofunguliwa mwaka 1871, ilijengwa kwa mtindo huo, na kutoka huko ukaenea katika makoloni.

Imani ya hewa iliyooza ilikuja kuachwa, hasa baada ya Robert Koch kutangaza mwaka 1882 kwamba amekiona kimelea cha kifua kikuu. Umbo la wodi halikuachwa pamoja nayo, na ni vyema halikuachwa, kwa kuwa kimelea hicho husafiri hewani mgonjwa anapokohoa. Wajenzi wale walikosea kuhusu chanzo cha maradhi, lakini dirisha walilipatia.

Huku kwetu pwani likaongezwa baraza. Hospitali ya Ocean Road, ambayo Wajerumani waliijenga Dar es Salaam mwaka 1897, iliwekwa ufukweni ili ipate upepo wa bahari. Mtwara mjini nafasi haikuwa tatizo, kwani mji huu ulipangwa upya baada ya mwaka 1947 kwa ajili ya bandari ya mradi wa karanga wa serikali ya Kiingereza, ardhi ikiwa bado tele. Wala kujenga kwa kufuata upepo si jambo la kigeni kabisa: mzee yeyote wa Mikindani anajua kwamba nyumba hujengwa kwa kufuata kusi na kaskazi.

Sasa nikueleze kazi ya kila kiungo, maana hapo ndipo penye jibu lako. Hewa yenye joto hupanda. Dari likiwa juu, joto hukaa mbali na kitanda na kutoka kupitia matundu yaliyo karibu na paa. Madirisha yanayotazamana huruhusu upepo uingie upande mmoja na kutokea wa pili. Baraza nalo huzuia jua lisipige ukuta wa wodi, na hukinga mvua, hivyo dirisha linaweza kubaki wazi hata wakati wa masika, usiku kucha. Ukiliziba, madirisha yote ya upande huo yatafungukia ndani ya stoo, na yale ya ng'ambo yatakuwa na pa kuingizia hewa bila pa kuitolea.

Watafiti waliopima vyumba vya hospitali mjini Lima, Peru, walichapisha matokeo yao mwaka 2007: vyumba vya zamani vyenye dari la juu na madirisha makubwa vilibadilisha hewa yote takriban mara 40 kwa saa, vile vipya vyenye madirisha mara 17, na vile vilivyotegemea mashine mara 12.

Nami nina ushahidi wangu. Nilimuuguza mama yangu katika wodi ambayo baraza lake lilikuwa limegeuzwa stoo. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha. Nilipolifungua nikakutana na magodoro mabovu yaliyopangwa hadi juu, na siku zote tulizokaa pale nilimpepea kwa kipande cha boksi.

Kwa hiyo waombe wenye kazi wakuonyeshe wodi ikiwa tupu. Washa udi katikati, fungua madirisha yote, utazame moshi unavyoelekea. Kisha ziba upande wa baraza kwa turubai, uwashe tena mbele yao. Wakiona moshi unazunguka mahali pamoja, wapendekezee wajenge ofisi na stoo pembeni, ziunganishwe na wodi kwa njia iliyoezekwa. Na ikiwa kuta ni za mawe na chokaa, usizipige lipu ya saruji: huzuia unyevu usitoke, chumvi hujikusanya ndani, na baada ya misimu michache ya mvua lipu hubanduka pamoja na uso wa ukuta. Changanya chokaa na mchanga kama walivyofanya walioujenga.