Mama hamezi tena: kutomtia mpira wa chakula ni kumuua?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mama yangu ana ugonjwa wa kusahau, huu mwaka wa tisa. Hanijui, hasemi, na sasa kijiko kikifika mdomoni anafumba au anapaliwa. Daktari ameshauri tiba shufaa: atulizwe maumivu, asitiwe mpira wa chakula, ule unaopitishwa puani au tumboni. Kaka yangu anapiga simu kila siku, eti tunamuua kwa njaa. Juzi usiku nilimkaripia Mama, kisha nikalia hadi alfajiri.

JAWABU: Wa alaykumu s-salaam, binti yangu. Swala na saumu za Mama nisizirefushe: akili imemtoka, kalamu imeinuliwa kwake, hadaiwi.

Linalonikera ni kauli ya kaka yako, maana naisikia hata kwa wenye vilemba. Wanasoma "wala msijiue", kisha wanamtwika dhambi binti anayeuguza. Aya ni haki, ila wameitia pasipo pake. Dhalimu ni anayemnyima chakula mwenye njaa anayeweza kumeza. Mama yako hakunyimwa. Mwili wake ndio umekiacha chakula, na ndivyo maradhi haya yanavyokwenda yakifika ukingoni. Mabingwa wa maradhi haya wanasema mpira haumzidishii siku mgonjwa wa hatua hii, wala haumkingi na kupaliwa. Wengine hufungwa mikono wasiuchomoe. Huko ndiko kumhurumia mzazi?

Na Mtume ﷺ katika maradhi yake ya mwisho aliashiria asimiminiwe dawa mdomoni. Waliokuwepo wakasema, ah, mgonjwa huchukia dawa tu, wakammiminia. Alipozinduka aliwakemea. Bi Aisha ndiye aliyesimulia, imo katika Bukhari. Nani atasema watu wale hawakumpenda?

Basi mpe kijiko akikipokea, akigeuza uso mwache. Mloweshe midomo kwa pamba. Dawa ya maumivu, hata ikiwa mofini, mpe kama ilivyoandikwa, usiogope.

Ama usiku ule, tubu, kisha usijichape nao tena. Umechoka, na Mola anajua umelala saa ngapi. Ile aya ya kutowaambia wazazi "uff" haikuteremka kwa mabinti peke yao. Mwambie kaka yako mimi ndiye niliyemwita: aje siku tatu, amgeuze Mama kila baada ya saa mbili, ambadilishe nepi, aoshe shuka usiku wa manane. Akitoka hapo bado ana fatwa, aniletee mwenyewe. Wewe siku hizo tatu lala.