Uzazi umeshuka Kenya, mbona wodi za wazazi bado zimejaa?

Swali: Nasoma kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8, na kwamba mwaka 2022 wastani huo ulikuwa 3.4. Mbona basi wodi za wazazi zimefurika? Hesabu hiyo hupatikanaje?

Jibu: Ndugu msomaji, takwimu hiyo na wodi unazoziona havipingani, kwa sababu vinapima mambo mawili tofauti. Katika Utafiti wa Demografia na Afya, ulikotoka wastani wa 2022, mhojaji humwuliza kila mwanamke wa miaka 15 hadi 49 tarehe za kuzaliwa kwa watoto wake, kisha hutazamwa waliozaliwa katika miaka 3 iliyotangulia, rika kwa rika. Tuseme wanawake 1,000 wa miaka 20 hadi 24 hupata watoto 180 kwa mwaka, yaani 0.18 kwa kila mmoja. Kwa kuwa mwanamke hukaa katika rika hilo miaka 5, rika hilo huchangia 0.9. Marika yote 7 yakijumlishwa, ndipo hupatikana ile 3.4.

Wodi hujaa kwa wingi wa akina mama. Sensa ya 1979 ilihesabu watu milioni 15.3, na ya 2019 milioni 47.6, kwa hiyo hata kila mama akizaa wachache, jumla ya watoto hubaki kubwa. Korea Kusini, iliyofikia 0.72 mwaka 2023, iko upande wa pili: hata wanawake wake wakianza kuzaa wawili wawili, watoto watakuwa wachache, kwa kuwa mama wenyewe wamepungua.

Kuhusu sababu, mimi naiweka mbele elimu ya msichana, inayochelewesha ndoa na kumpa sauti nyumbani: mwaka 2022 wanawake wasiosoma walikuwa na wastani wa 6.3, na waliovuka sekondari 2.8. Nairobi ilikuwa na 2.5 na kaunti ya Mandera, kaskazini mashariki, 7.7, pengo ambalo mpangaji wa zahanati na shule hana budi kulitazama kabla ya wastani wa taifa. Huduma za uzazi wa mpango nazo zina uzito mkubwa, na kushuka huku hakujiendeshi kwenyewe. Kati ya 1998 na 2003 kiwango cha Kenya kiliacha kushuka, kikatoka 4.7 hadi 4.9, katika kipindi ambacho matumizi ya njia za uzazi wa mpango yalikuwa yameacha kuongezeka.