Amonia ya Jua: Ulizia Umeme Kwanza

Tangu mbolea ilipopanda bei mwaka 2022, viongozi wa vyama vya ushirika wamekuwa wakiniletea michoro ya mitambo ya kutengeneza amonia, gesi inayotumika kutengenezea mbolea za naitrojeni, kwa umeme wa sola. Naipenda teknolojia hii kwa dhati, na si ndoto: katika shamba la Morendat karibu na Naivasha, kampuni ya Kenya Nut imewekewa mtambo uliobuniwa kutoa tani moja ya amonia kwa siku. Ila kila mchoro ukifika mezani kwangu, naanza na umeme.

Hesabu yenyewe ni hii. Tani moja ya amonia inataka kilo 177 hivi za haidrojeni, na kila kilo hula zaidi ya uniti 50 za umeme kuitoa kwenye maji. Ongeza umeme wa kutenga naitrojeni na hewa na wa kugandamiza gesi, unakaribia uniti 10,000. Sola ya megawati moja, penye jua zuri, hutoa kama uniti 4,000 hadi 5,000 kwa siku. Anayekuahidi tani kwa siku kwa megawati moja, mrudishe akahesabu upya.

Kisha usiku. Kinu cha kuunganisha gesi hizo hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 400 na zaidi, na kukizima na kukiwasha kila siku hukichakaza. Kwa hiyo ulizia matangi ya kuhifadhi haidrojeni, na upepo wa eneo lenu. Kule Turkana huvuma kwa nguvu usiku, saa ambazo paneli hazitoi kitu. Si kila mahali pamejaliwa hivyo.

Maji hayanisumbui sana: chini ya lita 2,000 kwa tani, mradi yachujwe hadi yawe safi kabisa.

Kinachosahaulika zaidi ni mbolea yenyewe. Yurea inahitaji kaboni dioksidi, na mtambo wa jua, maji na hewa hauitoi. Utapata amonia ya kuingizwa ardhini kwa mashine maalumu, au ya kugeuzwa kuwa nitrati kiwandani. Mkulima wa ekari mbili anayetia mbolea kwa kiganja asiiguse, inachoma macho na mapafu. Kabla hamjatia sahihi, wenye mtambo waandike kwenye mkataba nani ataigeuza amonia kuwa mbolea, kwa malipo gani, na mfuko utauzwa shilingi ngapi ukilinganishwa na CAN, mbolea ya nitrati ya dukani.