Leseni ya Bongo kwenye barabara za Hamburg

SWALI: Habari za kazi. Mimi Mtanzania niko Hamburg mwezi wa nane sasa, nina leseni ya Bongo daraja D na Dar nimeendesha miaka kibao. Shemeji yangu yuko Ubelgiji anasema leseni ya Ulaya ni moja tu, haina mipaka, kwaiyo niendeshe bila wasiwasi. Alafu wife hana leseni kabisa, kuna mtu kamwambia akienda likizo Desemba achukue ya nyumbani kwa bei poa aje aibadilishe huku. Tushauri tafadhali. Msomaji, Hamburg

JIBU: Ndugu yangu, kwanza funguo weka mezani. Leseni ya kwetu Ujerumani inakubalika miezi 6 tangu uhamie, wewe uko wa nane, manake kisheria sasa hivi unaendesha bila leseni na hapo sio mambo ya kuandikiwa na trafiki mkaachana, hiyo ni jinai, ni faini ya mahakama au kifungo mpaka mwaka 1. Ukigonga mtu ndo balaa kabisa, bima inamlipa yule uliyemgonga kisha inakugeukia wewe, inaweza kukudai mpaka euro 5,000.

Shemeji hajakudanganya, ila kakupa nusu ya habari. Inayotembea nchi zote 27 za Umoja wa Ulaya, pamoja na Norway na Iceland, ni leseni iliyotolewa na nchi hizo. Na hata mtu aliyebadilishiwa ya nje akapewa ya huko, nyuma ya kadi anaandikiwa namba 70 na alama ya nchi ilikotoka, siku akihamia nchi nyingine ya Umoja wana haki ya kuikataa.

Wenzetu wa Afrika Kusini na Namibia Ujerumani wanabadilishiwa bila mtihani, Tanzania na Kenya hatumo kwenye orodha, kwaiyo unakaa mtihani wa nadharia na wa barabarani. Unafuu ni kwamba ile idadi ya masomo ya lazima hulazimishwi, ila mtihani wa barabarani lazima upitie shule ya udereva. Peleka maombi Führerscheinstelle, yaani ofisi ya leseni, ukiwa na leseni yenyewe, tafsiri yake, cheti cha macho na cha huduma ya kwanza. Hiyo tafsiri ikague vizuri, maana D ya kwetu ni gari dogo, D ya Ulaya ni basi! Nadharia kwa Kiswahili hamna, Kiingereza kipo.

Barabarani usiringie uzoefu wa Dar. Mnapita kulia, na kwenye makutano yasiyo na kibao wala taa anayetokea kulia kwako ndo anatangulia, hata kama katokea kwenye kamtaa kadogo na wewe uko kwenye barabara pana. Kabla ya kukunja geuza shingo uangalie baiskeli, vioo peke yake havitoshi, madereva wetu wazoefu wengi wanafelishwa hapo hapo.

Wife asihangaike. Leseni ya nje ukiipata wakati makazi yako yako Ujerumani hawaitambui, na likizo ya wiki chache haihamishi makazi, wanalinganisha tu tarehe ya kutolewa na tarehe aliyojiandikisha mjini. Hiyo hela ya Desemba alipie shule ya udereva hapo Hamburg, akifaulu kadi yake haitakuwa na hiyo 70, hata mkihamia kwa shemeji anaendesha.