Si giza, ni wingi wao

Umesema bakteria wa baharini wanaotoa mwanga huwashwa na giza la usiku. Hapana ndugu, usiku hauwashi bakteria hao, wanahesabiana. Katika Vibrio fischeri, mmoja wa bakteria hao, jeni luxI hutoa molekuli ndogo ya ishara inayopenya hadi nje ya seli. Wakiwa wachache baharini, ishara inazimuliwa na maji na hakuna mwanga. Wakisongamana, kama ndani ya kiungo cha mwanga cha ngisi wa Hawaii, ishara inarundikana, inashikana na protini LuxR, kisha zote mbili zinakaa kwenye ADN mbele ya msururu wa jeni uitwao luxICDABEG na kuuwasha. Utamu uko hapa: luxI yenyewe imo katika msururu huo, basi ishara inazaa ishara, na mwanga unapanda ghafla. LuxA na luxB hutengeneza lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga. LuxC, luxD na luxE huiletea aldehidi, kemikali ambayo lusiferasi huichoma.

Wanasayansi Nealson, Platt na Hastings walionyesha mwaka 1970 kwamba mwanga husubiri wingi. Jeni zenyewe zilitambuliwa baadaye, 1983.

Ila jeni kuwaka si mwanga kuonekana. Lusiferasi inataka oksijeni: chupa ya bakteria hao iliyojaa mpaka shingoni inazima, ukiitikisa inawaka tena. Ukiwakuza kwenye labo tia chumvi gramu 30 hivi kwa lita, joto nyuzi 20 hadi 25. Ukipita 30 mwanga unafifia. Kwenye maji ya ziwa Kivu usijisumbue kuwatafuta, ni wa bahari hao. Na Vibrio harveyi, bakteria mwingine wa mwanga, usimtie katika maelezo haya: LuxR yake ni protini nyingine kabisa, jina tu limefanana.