Muulize Fundi wa Swicha: Sauti inayotangulia mdomo

SWALI: Fundi, shikamoo. Tumeachana na lundo la mashine za zamani, sasa tuna mtambo mmoja unaofanya kila kitu: kubadili kamera, kuweka maandishi kwenye picha, kurekodi na kurusha mubashara. Picha ni safi mno, ila mtu akizungumza sauti inatangulia mdomo. Fundi sauti anaapa mixa yake (mashine ya kuchanganya sauti) ni nzima, muuzaji naye anaapa mtambo ni mzima. Nani mkweli?
*Mwongozaji wa kamera tatu*

JIBU: Marahaba. Wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana mnabishana bila kufika popote.

Sauti hutoka kwenye maikrofoni hadi mixa karibu papo hapo. Picha haina njia fupi hivyo. Kila kamera inaanza fremu zake, yaani picha moja moja zinazounda video, kwa saa yake yenyewe, na swicha (sehemu ya mtambo inayobadili kamera) ikikata kutoka moja kwenda nyingine kabla hazijalingana, picha inaruka. Kwa hiyo mtambo unaishika kila picha kwenye kumbukumbu mpaka zamu yake ifike, ndipo unaiachia. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 40. Kamera nayo inachukua muda wake kuandaa picha. Kama inatoa picha ya mistari 1080 na mtambo umewekwa 720, kuna muda wa kugeuza pia. Ukijumlisha, fremu tatu zimekwenda.

Video Toaster ya mwaka 1990, swicha ya zamani iliyofungwa ndani ya kompyuta ya Amiga, haikuwa na kazi hiyo ndani yake. Picha ambayo haikwenda kwa saa moja na nyingine ilibidi ipitie kifaa cha pembeni cha kusawazisha muda. Kilikuwa kero, lakini ulikiona mezani ukajua kuna kitu kinaishika picha. Leo kimo ndani ya boksi, na ni rahisi kusahau kuwa kipo.

Msilichukulie jambo hili kirahisi. Pendekezo BT.1359 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linaeleza kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa haigundui mpaka ifike kama 125. Sikio limezoea kuchelewa: mtu akigonga nyundo kwa mbali, unaiona ikitua kabla ya kuisikia. Sauti inayotangulia haipo katika maumbile, na mtazamaji anachoka bila kujua kinachomchosha.

Fanyeni hivi. Mtu asimame mbele ya kamera namba moja, karibu na maikrofoni, apige kofi moja kali. Rekodini kinachotoka kwenye mtambo, mfungue faili kwenye programu ya kuhariri, msogeze fremu moja moja. Tafuteni fremu ambayo viganja vinakutana, kisha mtafute kilele cha mlio. Mlio ukitangulia viganja kwa fremu tatu, cheleweshani sauti milisekunde 120. Rudieni kwa kila kamera. Zikitofautiana, zote ziwekwe umbo moja la picha na mtambo, mpime upya.

Msipime kwa kutazama skrini ya chumba cha mitambo. Mimi nilifanya hivyo kwenye onyesho la ngoma. Nikaongeza ucheleweshaji mpaka fimbo na mlio vikakutana machoni pangu, kumbe skrini ile nayo ilikuwa inachelewesha fremu mbili. Kwenye rekodi fimbo ilitua juu ya ngozi, ikanyanyuka, ndipo mlio ukaja. Wapiga ngoma wale walikuwa wamefanya mazoezi ya wiki nyingi, na bado naumia nikikumbuka.

Na ucheleweshaji uwe kwenye njia ya sauti inayoingia mtamboni tu. Ukigusa spika za ukumbini au kisikio cha mtangazaji, atajisikia akirudi nyuma ya maneno yake na ulimi utamgongana.

SWALI: Kila kitu kikiwa ndani ya boksi moja, likizima katikati ya matangazo tunafanyaje?
*Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Kamera zote zirekodi pia kwenye kadi zake, tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha kamera pana, ile inayoona jukwaa zima, ipeleke waya wa pili moja kwa moja kwenye kifaa kidogo cha kurushia, pamoja na sauti kutoka mixa. Kiwasheni kabla ya kipindi kuanza, na mmoja wenu akae karibu nacho.